Mahindi ya Buluu Kwenye Daftari Lako

Kitale, stoo, Jumapili baada ya kanisa

Nekesa mama,

Salamu nimeziruka. Kesho asubuhi nitakusalimia kwa mkono wangu mwenyewe pale Kanduyi, kabla basi lako halijawasha injini. Nitakupa barua hii na kifurushi kimoja. Usiifungue mbele yangu. Unanijua: nikiona unasoma nitaanza kukueleza maana yake, nitatia chumvi, kondakta atacheka, na jambo lenyewe litapotelea hapo. Mdomo wangu umetulisha miaka yote hii, sikatai, lakini kuna maneno ukiyapitishia hapo yanatoka yakiwa mzaha. Ndiyo sababu nimeketi juu ya magunia, mlango wa stoo nimeurudisha, naandika kama mtu aliyemaliza shule.

Sitakwambia ubebe sweta. Sitakwambia uchemshe maji. Mama yako ameshayasema hayo, na kukhu wako, bibi yako huko Bungoma, atayarudia yote leo kisha aongeze ya kwake, na ya mama yake marehemu. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni Simiyu, rafiki yangu anayetuletea mahindi.

Nilichomfanyia unajua. Nilichofanya baadaye hujui. Na hujui kama kesho jioni kuna mlango utakaofunguliwa huko Nairobi, maana tulipanga ulale kwa Naliaka, binti yake, mpaka upate chumba chako. Mama yako ananiambia umeacha kuuliza habari za Naliaka, umeanza kuwauliza wenzako wa chuo nani ana nafasi ya godoro. Basi soma mpaka mwisho. Usiruke kama mimi ninavyoruka gazeti nikitafuta habari za mpira.

Mimi ni mtu wa kushuku, na sijawahi kuona haya kusema. Bambo langu liko hapa ukutani, natazamana nalo: kile chuma chenye ncha na mfereji katikati, unakichoma ubavuni mwa gunia na kinakutolea punje za ndani kabisa, zile ambazo muuzaji hakutaka mjuane. Kila muuzaji anajua kupamba mdomo wa gunia. Juu anaweka mahindi kama meno ya bibi harusi, chini yanalala yale yaliyooza. Mwenye haraka anatazama juu, analipa, anaenda kulia nyumbani. Mimi nachoma. Kitale hii nzima hakuna anayechoma kama mimi, na kama yuko basi ajitokeze. Nimechoma magunia Malaba, nimechoma Kampala, na Juba nilichoma gunia askari amenielekezea bunduki. Nikamwambia, ngoja kwanza nione ya katikati, ndio tuendelee na mambo yako.

Na wewe nilikulea hivyo hivyo, na bambo mkononi. Ulipokuwa chuo nilikuwa nakudai picha kila mwisho wa wiki. Ukituma picha nzuri, napiga simu: nani amepiga? Ule mkono kando ya dirisha ni wa nani? Siku moja nilikuhoji mpaka simu ikaisha chaji, kumbe mkono ulikuwa wako mwenyewe kwenye kioo. Hukukasirika. Ulicheka, ukaniambia, "Baba, wewe ungefaa kuwa polisi, tatizo ni unene." Nilifurahi sana siku hiyo. Mtoto anayeweza kumtania baba yake hajafichwa kitu na woga.

Sasa, kazi hii yako. Naishuku, na sitakuficha. Huyo bosi wako nimemwona mara moja, siku ile mlipozungumza kwa kompyuta nami nikapita nyuma yako nikijifanya natafuta kofia. Nilimwona kichwa, tai na kifua. Miguu sikuiona. Mtu ameajiri binti yangu kutoka kifuani kwenda juu! Nikakuuliza kama ana miguu, ukaniambia, "Baba, si lazima miguu." Kwangu ni lazima. Halafu ile lugha unayoandikia kompyuta ina jina la chatu. Chatu, Nekesa! Mtu akikwambia njoo nikufundishe, chombo chenyewe kinaitwa chatu, halafu akuambie usiwe na wasiwasi, wewe utafanyaje?

Lakini lile daftari lako nililipenda. Sikukuonyesha kwamba nimelipenda, maana nikionyesha upendo haraka bei inapanda. Ulinifunulia hapa stoo, laptopu juu ya gunia. Ukaniambia hili ni daftari, Baba, ila linajibu. Hapa juu kuna kisanduku, naandika maagizo. Nabonyeza, na jibu linatokea chini yake. Na nikiomba picha, inakuja picha, hapo hapo chini ya maneno, si kwenye dirisha lingine. Ukabonyeza. Mahindi yakatokea! Mahindi ya stoo yangu, uliyoyapiga kwa simu siku zote zile ukinisumbua niinue taa, yamejipanga safu kwa safu, na chini ya kila picha neno: zima, bovu, zima, zima. Mimi niliyeacha shule kidato cha pili, ambaye daftari langu la mwisho liliishia kufungia karanga, nikatazama daftari linalochora lenyewe. Moyoni nikasema, ee Mungu, huyu ni wangu?

Mdomoni nikasema, "Mbona umenionyesha ya juu tu?"

Ukashtuka. "Ya juu gani?"

"Hizi ni za kwanza kwenye faili, sivyo? Za mdomo wa gunia. Nionyeshe za katikati."

Ukacheka mpaka ukashika mbavu, kisha ukaandika agizo la kuchota picha popote pale bila kufuata mstari, na kweli zikatokea nyingine zenye ukungu, moja imepigwa kiatu changu, na nyingine imeandikwa zima nayo imeoza wazi. Ukaacha kucheka ukaanza kazi. Hilo agizo ni langu. Ukifika huko waambie. Kama wana mahali pa kuandika majina ya waliosaidia, jina langu wanajua kuandika, ni fupi.

Nimeanza na hiyo siku nzuri ili ujue naikumbuka. Sasa ile nyingine.

Ilikuwa jioni, bado kuna mwanga nje. Wapakizi walikuwa mlangoni wanangoja pikapu ya Simiyu kutoka Bokoli. Wewe ulikuwa umechukua thermosi ukaenda kwa Wambui, mama chai wetu, ukaacha laptopu wazi juu ya yale magunia ambayo Simiyu alikuwa ameleta kabla. Nilipita tu. Naapa nilipita tu. Nikatupa jicho kwenye daftari lako, na mahindi yalikuwa ya buluu.

Yalikuwa ya buluu kabisa. Chini ya picha umeandika jina la mahali yalikotoka: Bokoli.

Mwanangu, mtu wa ofisini angeona mahindi ya buluu angesema kompyuta imeharibika. Mtoto angecheka. Lakini mimi ni mtu wa mahindi. Kwetu sisi punje yenye rangi ina maana moja: ni mbegu. Ni ile ya kupanda, inayopakwa dawa ya wadudu, nyingine waridi, nyingine kijani, nyingine buluu, wanaipaka rangi makusudi ili mtu asiile. Na kila msimu wa kupanda ukipita kuna mjanja mahali anayechanganya mbegu iliyobaki na mahindi ya kula, gunia lijae. Hilo ndilo jambo ninaloliogopa kuliko yote katika biashara hii. Naota ndoto zake. Basi sikuona picha. Niliona watu wamelala hospitali, na gunia langu kando ya kitanda.

Nikapiga simu pale pale. Nikaweka spika. Kwa nini spika? Kwa sababu wapakizi walikuwepo, na mimi penye watu watatu najiona niko jukwaani.

"Simiyu! Umeniletea mbegu?"

"Mbegu gani, Baba Nekesa?"

"Ya dawa! Umeichanganya na ya kula. Nimeiona na macho yangu."

"Umeiona wapi?"

"Kwa kompyuta."

"Kwa kompyuta. Na kwa gunia je?"

Hayo maneno yalitosha kunirudisha duniani. Mtu mwenye akili angesema ngoja, niangalie. Mimi nikamwambia, "Usinifundishe kazi."

"Baba Nekesa, hayo mahindi ndiyo watoto wangu wanakula."

Nami nikasema, "Ndio nashangaa bado wako hai."

Wapakizi wakacheka. Hapo ndipo niliisha, Nekesa. Nikisikia kicheko siwezi kusimama, ni kama ng'ombe aliyeonja chumvi. Nikaongeza moja, nikaongeza nyingine. Nikamwambia pikapu yake, iwe imefika wapi, igeuke. Mtu niliyefahamiana naye kabla hujazaliwa, aliyekuja Bungoma kunisaidia kumzika baba na kulala matangani juu ya majani pamoja nami, nilimfanya kichekesho cha soko kwa pumzi tatu. Akakata simu. Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

Ukaingia na thermosi. "Baba, unaongea na nani hivyo?"

"Na muuaji. Tazama."

Ukatazama, ukaweka thermosi chini. "Aaai, Baba! Hizo rangi zimegeuka tu."

Ukaanza kunieleza haraka haraka, na mimi sitaki kusikia. Kwamba chombo kinachosoma picha kinahesabu rangi kuanzia buluu, na kinachoonyesha kinahesabu kuanzia nyekundu, na wewe ulikuwa hujaandika bado agizo la kuwapatanisha. Kwamba ulipiga picha hizo chini ya ile balbu yetu ya manjano, kwa hiyo weupe ulitoka manjano, na manjano ikigeuzwa inakuwa buluu. Nikakataa. Ukatafuta picha yangu kwenye simu, ile ya Krismasi, ukaipitisha njia hiyo hiyo. Nikatokea chini ya kisanduku nimevaa koti langu jekundu ambalo sasa ni la buluu, na uso wa buluu, kama maiti iliyotolewa friji ikaambiwa itabasamu. Wapakizi wakacheka tena. Safari hii sikufurahi.

Kisha ukaandika mstari mmoja mfupi. Ukabonyeza. Mahindi yakarudi meupe, na mimi nikarudi mweusi kama nilivyoumbwa.

Hapo pangekuwa mwisho. Baba mwenye akili angeshika simu. Lakini nilikuwa nimeshamkatia Simiyu kichwa, na kichwa hakirudishwi, basi nikatafuta njia ya kuwa na haki. Nikakwambia, "Umeyapaka."

"Nimeyapaka nini?"

"Weupe. Kama mstari mmoja unaweza kuyafanya meupe, nitajuaje weupe ndio wa kweli? Simiyu ni baba ya rafiki yako. Unamfichia."

Ulinitazama. Ulifunika laptopu. Ukasema polepole, na mimi nakuogopa ukisema polepole, "Baba, bambo liko nyuma yako."

Ukatoka. Asubuhi mkaenda Bungoma, wewe na mama yako, siku mbili kabla ya tulivyopanga.

Lilikuwa nyuma yangu, kweli. Na magunia yenyewe nilikuwa nimeyaegemea. Mimi, mchomaji mkuu wa Trans-Nzoia na Sudani Kusini, niliamini mahindi ya kwenye kioo nimelalia mahindi ya kwenye gunia. Siku hiyo sikulishika bambo. Kiburi. Asubuhi yake, mkiwa mmeshaondoka, nililitoa ukutani nikachoma gunia la kwanza. Meupe. La pili, meupe. Nikachoma yote, ubavu huu na ule, nikapanda juu, nikashuka, mpaka Wambui akaja mlangoni na vikombe vyake.

"Umepoteza pete humo ndani?"

"Natafuta mbegu."

"Umeipata?"

"Hapana."

"Si ushukuru Mungu? Mbona unatafuta na hasira, kama mtu aliyeibiwa?" Akamimina chai, akaniwekea, akaendelea, "Wewe Baba Nekesa ulitaka iwepo. Ukikosa ubaya unaona umepata hasara."

Nilikunywa chai. Ilikuwa na tangawizi nyingi, lakini si tangawizi iliyonichoma.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifikiria neno la Wambui. Nilidhani anayeshuku hadanganyiki. Kumbe kuna kitu kimoja anakimeza bila kutafuna: habari mbaya. Ukiniletea picha ya mahindi mazuri nachoma mpaka nione ya katikati. Ukiniletea picha ya mahindi mabaya naamini papo hapo, nashika na simu. Bambo langu lilikuwa linachoma upande mmoja tu wa dunia. Na hili si la juzi. Nikirudi nyuma naona marafiki kadhaa niliowaacha njiani, Malaba, Eldoret, kwa sababu mtu alinionyesha upande wao wa buluu na mimi sikungoja kuuliza taa ilikuwa ya rangi gani.

Mama yako hana ugonjwa huu. Sijui kama amewahi kukwambia habari ya lori. Nilipokuwa taniboi, msaidizi wa dereva wa lori, niliingia studio hapa Kitale, la, nisidanganye, tulimwita mpiga picha akatoka nje, nikaegemea lori tulilokuwa nalo, mguu mmoja juu ya bampa, miwani ya kuazima. Nikamtumia mama yako kule Bungoma. Nyuma ya picha sikuandika kwamba lori ni langu. Sikuandika pia kwamba si langu. Akakubali kuolewa. Siku ya kwanza nyumbani kwangu, chumba kimoja, kitanda na jiko, nikangoja aniulize lori liko wapi. Nilikuwa na uongo tayari, mzuri, wa gereji. Hakuuliza. Mwaka ukapita, hakuuliza. Wewe ukazaliwa wakati wa mavuno, tukakupa jina lako, hakuuliza. Mwishowe mimi mwenyewe nikashindwa, nikamwuliza, "Mama Nekesa, hujawahi kutaka kujua lile lori?"

Akasema, "Nambari zilikuwa za Uganda. Nilijua si lako."

"Sasa ulikubali nini?"

"Nilitazama aliyeegemea."

Nimeizunguka dunia, mama, mpaka Juba, na sijapata mtu mwingine anayejua kutazama picha kama huyo. Aliona uongo, akauona wazi, na hakuacha uongo umzibe asione kilichobaki. Mimi ningeona nambari za Uganda ningechana picha.

Basi jana nilienda Bokoli. Sikumwambia mtu. Nilipanda boda kutoka barabarani na njia yote nilikuwa natunga hotuba, nzuri sana, yenye methali mbili na kichekesho cha kufungulia. Simiyu nilimkuta nje, anatwanga mpini wa jembe uingie. Hakusimama.

"Karibu, mtu wa kompyuta."

"Simiyu, ndugu yangu, nimekuja..."

"Kaa. Kula kwanza."

Mama Naliaka akaleta maji ya kunawa. Akaleta sima, imesimama vizuri, nyeupe. Akaleta mboga. Nikangoja. Unajua kwetu: mgeni kama mimi, na umri huu, kuku alipaswa kuwa amekwishasema kwaheri nikiwa bado barabarani. Kuku alikuwa anatembea tu uani, mzima, tena akaja mpaka karibu na mguu wangu akanitazama. Nikaelewa nimekaribishwa kiasi gani.

Simiyu akasema, "Hiyo ni ya mahindi yaliyogeuzwa na pikapu. Yale ya dawa."

Mama, nitakwambia ukweli kwa sababu umeniomba ukweli bila kuniomba. Nilikuwa nimechoma yale ya stoo, nilijua. Lakini haya ya pikapu sikuwa nimeyachoma. Na mkono wangu ulisita. Niliona aibu hata mkono ukiwa bado hewani. Simiyu aliuona. Akamega yeye, akala. Mama Naliaka akamega, akala. Halafu mjukuu wao akatoka ndani akamega tonge la kwangu, upande wangu wa sahani, akakimbia. Nikamega nikala. Nilikula mpaka sahani ikabaki alama za vidole. Sijawahi kula sima tamu hivyo na kuimeza kwa shida hivyo.

Nilipomaliza nikaanza hotuba. Simiyu akainua mkono.

"Hiyo weka. Ulinitukana kwa spika, utanisafisha kwa spika. Na Baba Nekesa, bila mzaha."

Nikampigia Wambui, nikamwambia aingie stoo, awaite wapakizi, aweke simu juu ya gunia. Nikasema. Nilisema kwamba mahindi ya Simiyu ni safi, nimeyachoma na nimeyala, kwamba nilimsingizia kwa picha ambayo sikuelewa, na kwamba maneno yangu ya siku ile yalikuwa ya mtu mpumbavu. Kulikuwa na nafasi mbili za kuweka kichekesho. Nafasi nzuri, Nekesa, ungelia. Niliziacha zikapita. Ilikuwa hotuba fupi kuliko zote nilizowahi kutoa. Wapakizi hawakucheka. Mmoja alisema tu, "Tumesikia, mzee."

Kisha nikamwuliza Simiyu habari yako. Nikamwambia, mtoto hana kosa, na kesho kutwa anasafiri, na kama mlango wa Naliaka umefungwa kwa sababu yangu, nipige mimi.

Akaangalia mpini wake wa jembe. "Nekesa alinipigia asubuhi baada ya yale matusi. Sikushika. Nilikuwa na hasira na jina lenu lote."

"Najua."

"Hujui. Siku hiyo hiyo nilimpigia Naliaka, nikamwambia kitanda kibaki vile vile. Deni lako sikumwekea mtoto. Hata kama hungekuja leo, angelala pale."

Kwa hiyo soma hapa mara mbili: mlango uko wazi. Ulikuwa wazi siku zote ulizokuwa ukitafuta godoro. Naliaka atakungoja stendi. Waambie wenzako wa chuo asante. Simiyu alipokuwa ananisindikiza nikamwonyesha yule kuku kwa jicho tu, sikusema kitu. Akasema, "Huyo ni wa Nekesa akirudi. Wewe utakula shingo." Basi tukacheka, wote wawili, mpaka Mama Naliaka akatoka kuangalia. Kicheko hicho sikukianzisha mimi, ndiyo maana nakiamini.

Sasa mambo mawili, niache kalamu, wino wenyewe unakauka.

Ulinifundisha kwamba katika daftari lako picha inabaki chini ya kisanduku hata ukibadilisha maneno ya juu. Maneno ni mapya, picha ni ya zamani, na mtu asiyejua atadhani vinaendana, mpaka mwenye daftari abonyeze tena. Nilikuuliza kama huo si udanganyifu, ukasema si udanganyifu, ni kwamba bado haijaambiwa. Ile picha uliyotoka nayo mlangoni, ya baba amesimama anakuita mwongo, najua bado iko hapo chini. Sitakudai uifute. Maneno ya juu nimeyabadilisha, ndiyo haya. Kubonyeza ni kwako, na siku utakayoamua ni yako.

Ya pili ni kifurushi. Ni unga. Mama Naliaka ameusagisha kutoka kwa yale ya pikapu, ndugu wa yale ya buluu, nusu yako, nusu ya Naliaka. Pikeni sima usiku wa kwanza. Usishangae rangi.

Na bosi wako, nenda umtazame vizuri. Mchome. Choma pande zote mbili lakini, ubaya na wema, usiwe kama baba yako. Ukiona nambari za Uganda zione, halafu tazama pia aliyeegemea. Akiwa mbovu, rudi. Kitale haihami. Akiwa mzima, mwamini, maana kuna watu wanachoma gunia zima mpaka linabaki matundu, na mahindi yalikuwa mazuri tangu mwanzo.

Kesho ukifika usinitumie picha. Mageti, vitanda, dirisha, sitaki. Andika tu neno moja, nimefika, na mimi nitaamini. Nitajitahidi. Nitaketi na simu na nitaamini.

Ila ya miguu ya yule bosi, ukipata nafasi, nitumie hiyo.

Baba yako,
anayekuja Kanduyi mapema kuliko basi